Tausi Ukutani: Nakala za Mkono na Ndege wa Msitu wa Walikale

Kitenzi "kunakili" kimetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Maana hiyo ya asili yafaa ikumbukwe kila inapozungumzwa historia ya picha za ndege zinazochorwa kwa mkono ili zitundikwe sebuleni. Wasomi wengi huzidharau picha hizo kwa hoja moja tu, kwamba ni nakala. Hoja hiyo haina mizizi katika historia, kwani baadhi ya picha za ndege zinazoheshimiwa mno duniani zilikuwa nakala za mkono tangu siku ya kwanza.

Mfano ulio bora ni kazi ya John James Audubon juu ya ndege wa Marekani, iliyotolewa kati ya mwaka 1827 na 1838. Picha zake 435 zilichongwa katika mabamba ya shaba, nyingi zikiwa kazi ya Robert Havell wa London. Kisha kila karatasi iliyopigwa chapa ilitiwa rangi kwa mkono na vibarua wa karakana, wakifuata kielelezo kilichowekwa mbele yao. Kile kinachohifadhiwa leo katika maktaba na makumbusho kwa jina la "asili" ni jasho la vibarua hao. Jina la Audubon limebaki. La aliyetia bluu katika bawa la ndege, nani alijuaye?

Katika Afrika ya Mashariki mambo hayakwenda mbali na hapo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia mbao za dari na rangi ya baiskeli. Alipofariki mwaka 1972, jamaa na wanafunzi wake waliendelea kuwarudia wanyama na ndege wa mtindo wake, hata wakaunda chama cha ushirika mwaka 1990. Tausi akawa miongoni mwa ndege waliopendwa sana, na sababu yake ni ya kiufundi kama ilivyo ya kibiashara: mkia uliotandazwa huujaza ubao wa mraba bila kuacha pengo, na macho ya mkia ni doa juu ya doa, kazi ambayo mkono uliozoea huifanya upesi.

Huko Lubumbashi, ambayo zamani iliitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake mnamo 1946, wala hakutaka wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya. Pilipili Mulongoy aling'ara humo kwa ndege wake, wenye kulisha makinda na kuviziwa na nyoka. Picha zilizoingia katika nyumba za wafanyakazi wa mji huo katika miaka ya 1970 zilikuwa nyingine kabisa. Zilichorwa juu ya magunia ya unga, na mada zilizopendwa zilirudiwa kadiri wanunuzi walivyoagiza. Waliozitundika walikuwa na neno lao la Kiswahili: ukumbusho. Picha ya ukumbusho haiulizwi kama ni ya kwanza au ya mia. Huulizwa inakumbusha nini.

Swali hilo ndilo linalomtia tausi mashakani. Ndege wa mbao za Dar es Salaam ni tausi wa Bara Hindi. Hata jina lake limeingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu. Kumbe Afrika ina tausi wake, na makazi yake ni misitu ya tambarare ya Kongo, ukiwemo wa Walikale. Mtu aondokaye Mweso kwa barabara ya Kalembe na Pinga huacha nyuma vilima na malisho ya Masisi, akateremkia upande wa msitu huo.

Mwaka 1913, huko Avakubi katika Ituri, Mmarekani James Chapin aliona katika kofia ya mwenyeji unyoya wa rangi ya kutu wenye mistari myeusi, asiweze kumtambua ndege wake. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa. Kibandiko kilisema ni tausi wa Bara Hindi, wachanga, walioletwa kutoka nje. Chapin akatambua unyoya wake. Mwaka uleule akampa ndege huyo jina la kitaalamu, Afropavo congensis, na mwaka 1937 akarudi Kongo kumtafuta.

Yaelekea waliobandika maneno yale walikuwa na picha ya tausi mmoja tu akilini, yule wa mkia mrefu. Ndege wa mkia mfupi hakuweza kuwa ila mtoto wake. Kibarua wa London alinakili kitu alichokiona. Kibandiko cha Tervuren kilikuwa nakala isiyomtazama ndege aliyekuwepo. Aliyevaa unyoya Avakubi hakuwa na haja ya kibandiko.

Mchoraji atakayetaka kumweka ndege wa Walikale katika ukuta wa nyumba ya mbao ya Mweso ana kazi ngumu. Dume ana buluu iliyoiva yenye mng'ao wa zambarau na kijani, shingo nyekundu isiyo na manyoya, na kishungi cheupe kilichosimama kichwani. Jike ana rangi ya kutu na mgongo wa kijani. Mkia hauna macho. Ubao wa mraba haujai, na mnunuzi aliyezoea madoa atauliza mkia uko wapi. Tena ndege huyu ni mwenye kujificha, ilhali katika bustani ya wanyama ya Antwerpen amefugwa na kuzalishwa kwa miongo mingi. Kielelezo kilicho rahisi kupatikana kwa mchoraji wa Goma, basi, huenda kikawa picha iliyopigwa Ubelgiji.