Merikebu Iliyoingia Usiku

Kurejea nyumbani kwa bahari, katika visiwa vyetu hivi, kulikuwa na ada zake. Chombo huonwa kingali mbali, bendera ikatambuliwa, mizinga ikalia, na jamaa wakateremka pwani kabla nanga haijatiwa. Aliyepanda jahazi la watu hurudi pepo zipendapo: majahazi ya Maskati huja Unguja na kaskazi, wala hapana wa kuihimiza. Mwenye merikebu yake hurudi atakapo.

Seyyid Said bin Sultan alikuwa na merikebu zake, tena si moja. Mwaka 1836 alimtunukia Mfalme William IV wa Uingereza manowari yake iitwayo Liverpool, naye akapelekewa Prince Regent, chombo cha kifalme kilichopambwa kwa anasa. Hakikumpendeza, akakitoa zawadi kwa Gavana Mkuu wa India. Bahari kwake ilikuwa ndiyo dola yenyewe. Mombasa aliishika mwaka 1837 baada ya vita ambavyo Muyaka bin Haji aliviimba kwa upande wa waliomkataa, na miaka ya mwisho ya umri wake aliigawa baina ya Maskati na Unguja.

Mwezi wa Aprili 1854 aliondoka Unguja kwenda Oman, ambako mambo ya Bandar Abbas na Waajemi yalikuwa yamechafuka. Alimwacha mwanawe Khalid mahali pake. Khalid akafa mwaka ule ule, akashika Majid. Waajemi walimlazimisha masharti mazito mwaka 1856. Septemba ya mwaka huo, kaskazi ingali haijaanza, Seyyid alipanda manowari yake Victoria kurudi Unguja, na mwanawe Barghash yumo pamoja naye. Bintiye Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anasimulia kwamba baba yake aliamuru mbao zipakiwe merikebuni, ili atakayekufa njiani atengenezewe jeneza.

Akafa yeye, tarehe 19 Oktoba, merikebu ilipokuwa karibu na Shelisheli.

Hapa ndipo pa kutua kidogo. Desturi ya mabaharia Waislamu inajulikana: maiti wa baharini, pwani ikiwa mbali, huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, kisha hushushwa majini. Barghash hakulifuata hilo. Aliuchukua mwili wa baba yake siku sita hadi Unguja. Mtu aweza kusema ni mapenzi ya mwana, nami sikatai. Lakini merikebu ile ilibeba pia habari, na habari ile hakuwa nayo mtu mwingine duniani ila waliokuwamo. Hapakuwa na simu ya waya wakati huo. Mji mzima ulikuwa ukimngojea Seyyid aliye hai.

Majid, kwa masimulizi ya Salme, alitoka na mashua kwenda kumlaki baba yake baharini, wakapishana. Tarehe 25 Oktoba merikebu ikafika. Mizinga haikulia. Barghash aliteremka gizani, akamzika baba yake kwa siri, na watu wake wakazizunguka nyumba za jamaa yake, wakimtafuta ndugu ambaye hakuwamo. Kulipokucha siri imetoboka, na kiti kikabaki kwa Majid. Salme alikuwa kigoli wa miaka kumi na miwili. Nadhani ndiyo maana usiku ule ameusimulia kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Yaliyofuata ni maarufu. Thuwaini wa Maskati hakuridhika kuiona Unguja ikimponyoka. Barghash alijaribu tena mwaka 1859, akashindwa, Waingereza wakampeleka Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa India, aliamua dola igawike, Unguja ikilipa Maskati riali 40,000 kila mwaka. Ile njia ya bahari aliyoifuata Seyyid kutoka nyumba yake moja kwenda nyingine ikawa njia ya baina ya nchi mbili. Barghash naye alikalia kiti mwaka 1870, Majid alipokufa, safari hii pasipo kuvizia.

Kaburi la Seyyid lipo Makusurani, nyuma ya kasri la pwani. Jengo lililoanzwa juu yake halikumalizwa.