Kasiksi ilivyovuka ziwa na kurudi



Historia yetu tumezoea kuihesabu kwa vita na kwa makambi. Leo tuihesabu kwa kasiksi, ile pombe ya ndizi mama zetu walikuwa wanatengeneza nyumbani. Msicheke. Imetembea njia yote tuliyotembea sisi.

Mbele ya vita kazi ilikuwa hivi. Ndizi za pombe zinakatwa zikiwa mbichi. Zinafukiwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, siku nne au tano, mpaka ziive. Zinamenywa, zinakandwa pamoja na nyasi, maji matamu yanatoka: ndiyo mutobe, hata mtoto anakunywa. Ukiongeza maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, ukaweka katika mtumbwi wa mti na kufunika, kesho yake unasikia inachemka bila moto. Siku ya pili au ya tatu ni kasiksi.

Wazee walijua kwamba mtumbwi wa zamani unachachua mbio kuliko mpya, lakini juu ya nini hawakusema. Miaka ya 1850, Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba chachu ni kitu chenye uhai: inakula sukari, inatoa pombe na hewa. Katika nyufa za mtumbwi, chachu ya jana ilikuwa inangoja ndizi za leo.

Wakati wa Wabelgiji bia ya kiwanda ilifika. Chupa ya kwanza ya Primus ilitoka Léopoldville mwaka 1926. Lakini kijijini, mahari na matanga viliendelea na kasiksi, sababu chupa inataka franka, na ndizi ziko nyuma ya nyumba.

Halafu ikaja 1996. Tulivuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wengine wakapelekwa Nyarugusu, wengine Lugufu. Nani angebeba mtumbwi wa pombe? Wa mama yangu ulibaki chini ya mwembe. Kambini shamba la migomba hatukuwa nalo. Mama wakajifunza namna nyingine: maji lita 5 yaliyochemshwa na kupoa, sukari kilo 1, nanasi lililopondwa, kijiko kimoja cha hamira. Bidoni inafunikwa bila kukazwa, juu ile hewa ikikosa njia, bidoni inapasuka. Majuma mawili matatu, unachuja: divai. Ukiacha wazi, inageuka siki. Sukari ilikuwa ghali, kwa hiyo divai ilikuwa ya sikukuu, na mama mwingine aliuza kikombe kwa kikombe apate daftari za watoto. Wengine waliingia katika gongo, ambayo sheria ya Tanzania inaikataza, na kuna nyumba zililia. Tuseme kweli, hiyo pia ni historia yetu.

Kuanzia Oktoba 2005 mashua zilianza kuturudisha Baraka. Sisi tulikuta shamba la baba lina mtu ndani. Alikuwa amelima, amepanda migomba, amezaa hapo. Ndugu yangu mdogo, aliyekulia kambini, alinunua kreti ya bia awapelekee wazee wa kijiji. Mzee mmoja akamwambia: «Mtoto wangu, hiyo mutakunywa kwenu. Kesi ya udongo inataka kasiksi.»

Tungeitoa wapi? Ndizi zilikuwa za yule mtu. Mama akaenda kwake mwenyewe, akamwomba mikungu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akampa mitatu. Bibi yake akaja kusaidia kukanda. Siku nne wanawake wale wawili walilinda shimo moja, na siku tatu sufuria moja, maana mtumbwi ulikuwa umeoza. Wazee walipoketi, maneno makali yalikuwa yamepungua. Waliamua udongo ni wa baba, migomba ni ya aliyeipanda, naye atavuna misimu miwili akihama polepole. Mpaka leo tunasalimiana.

Kwa hiyo nasema kasiksi si ulevi tu. Ile bia ya kreti ilitaka dakika kumi, tena bila kuongea na mtu. Kasiksi ilitaka juma zima na mlango wa jirani.

Sasa ndizi zenyewe ziko katika hatari. Ugonjwa wa mnyauko, ulioingia Kivu miaka ya 2000, unapenda sana ndizi za pombe: majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ndani ni kahawia. Vunjeni ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga lipitisheni motoni kabla ya kwenda mgomba mwingine. Na chipukizi usichukue katika shamba lenye ugonjwa.

Vijana wetu wanajua divai ya bidoni, lakini shimo hawalijui. Mama wanaolijua wanapungua kila mwaka. Mwenye mama au bibi nyumbani, amuulize mbele ya mkutano ujao: shimo lake lilikuwa na kina gani, majani gani, nyasi gani. Leteni, tuandike.