Homa ya mafua Mlima Kenya: Hatari ya madirisha yaliyofungwa

Msimu wa baridi unapowadia eneo la Mlima Kenya, kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki hufunga madirisha. Katika matatu, abiria anayethubutu kufungua kioo hukemewa. Mafua yakizuka, lawama huelekezwa kwa baridi.

Homa ya mafua husababishwa na virusi vya influenza, ambavyo mgonjwa huvitoa akikohoa, akipiga chafya au hata akizungumza. Mahali pasipopitisha hewa, virusi hivyo huelea na kuvutwa na wengine. Hivyo mabweni yaliyosongamana huambukizana upesi. Uchunguzi ulioanza 2006 katika hospitali kadhaa za Kenya, ikiwemo ya Nyeri, ulionyesha kwamba virusi hivi huwepo nchini mwaka mzima. Kujihadhari Julai pekee hakutoshi.

Kinachotatiza zaidi ni jiko la makaa. Wengi huliingiza chumbani kisha wakaziba kila upenyo ili joto lisitoroke. Moshi hudhoofisha mapafu, nayo gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, huua watu usingizini. Jiko lisilalwe nalo kamwe, na panapopikwa dirisha libaki wazi. Hewa hiyo hiyo hupunguza virusi.

Mgonjwa huanza kuambukiza takriban siku moja kabla ya dalili, kisha huendelea kwa siku 5 hadi 7. Mzazi anayempeleka mtoto mwenye homa shuleni eti asikose mtihani huwaponza wanafunzi wengine. Mgonjwa apumzike nyumbani, akohoe kwenye kiwiko, na watu wa nyumbani wanawe mikono kwa sabuni. Viuavijasumu haviui virusi, hata vikinunuliwa kwa bei ghali.

Chanjo ipo, na hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika. Mwaka wa 2016, kamati inayoishauri serikali kuhusu chanjo ilipendekeza wapewe watoto wa miezi 6 hadi 23. Wajawazito, wazee na wenye pumu, kisukari au maradhi ya moyo pia wamo hatarini.

Mgonjwa akipumua kwa shida, akiumwa na kifua, midomo ikigeuka samawati, au mtoto akikataa kunyonya, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.