Swali Kabla ya Picha: Historia ya Kumkinga Mtoto dhidi ya Mionzi na Maana Yake kwa Mabogini, Moshi

Mabogini ni kata ya mashamba ya mpunga katika uwanda wa chini, kusini mwa mji wa Moshi. Mwanamke wa huko anayehitaji picha ya eksirei hupanda kwenda mjini, katika Hospitali ya Mawenzi, au huendelea hadi Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kabla ya kupigwa picha, anapaswa kuulizwa swali moja: je, ana ujauzito? Insha hii inafuatilia asili ya swali hilo. Hoja yake ni kwamba swali hilo humkinga mtoto dhidi ya madhara mawili yanayokinzana, yaani mionzi isiyo ya lazima na hofu isiyo na msingi.

Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Mwaka 1929, madaktari wa Marekani Douglas Murphy na Leopold Goldstein walichapisha taarifa za wanawake waliotibiwa kwa radi au eksirei wakiwa wajawazito. Miongoni mwa watoto wao walikuwamo waliozaliwa na vichwa vidogo kuliko kawaida. Hata hivyo, dozi hizo zilikuwa kubwa, za tiba. Picha za kawaida ziliendelea kuaminiwa kuwa salama.

Imani hiyo ilitikiswa na Alice Stewart wa Oxford, Uingereza. Katika miaka ya 1950 aliamua kuwauliza akina mama wa watoto waliofariki kwa saratani, kwa kuwa mama huenda akakumbuka jambo ambalo daktari hakuliandika. Matokeo ya mwaka 1956 na 1958 yalionesha kuwa akina mama hao walikuwa wamepigwa picha za tumbo wakati wa ujauzito karibu mara mbili zaidi ya akina mama wa watoto wenye afya. Wataalamu wengi walimpinga, lakini mwaka 1962 Brian MacMahon wa Marekani, aliyetumia kumbukumbu za hospitali, alipata matokeo ya mwelekeo uleule.

Ushahidi kuhusu umri wa mimba ulitoka Japani. Miongoni mwa watoto wapatao 1,600 waliokuwa tumboni wakati wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, 30 walipata ulemavu mkubwa wa akili. Uchambuzi wa Otake na Schull wa mwaka 1984 ulibainisha kuwa hatari ilikuwa kubwa zaidi kati ya wiki ya 8 na ya 15, wakati chembe za ubongo zinapoongezeka na kusafiri kwenda mahali pake.

Kuzaliwa hakumwondolei mtoto hatari. Baada ya ajali ya Chernobyl ya tarehe 26 Aprili 1986, watoto wa Belarusi, Ukraini na Urusi walikunywa maziwa yenye iodini ya mionzi, nayo ikajikusanya katika tezi zao ndogo za shingo. Kufikia mwaka 2005, zaidi ya wagonjwa 6,000 wa saratani ya tezi hiyo walikuwa wameripotiwa miongoni mwa waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali.

Ajali hiyohiyo ilidhihirisha dhara la pili. Nchini Ugiriki, ambako mionzi iliyofika ilikuwa kidogo, utafiti wa mwaka 1987 ulikadiria kuwa takriban asilimia 23 ya mimba changa zilitolewa kwa sababu ya hofu. Mwaka 2000 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilitamka kuwa dozi ya kijusi iliyo chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba. Picha ya kifua cha mama humfikishia kijusi kiasi kisichofika hata sehemu moja ya mia ya miligrei moja.

Tanzania ilipata Sheria ya Kinga dhidi ya Mionzi Na. 5 mwaka 1983, kabla ya Chernobyl. Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomu. Sheria hukagua mashine na mafunzo ya mtumishi. Haiwezi kujua tumbo la mgonjwa.

Hapo ndipo swali linapobeba uzito wake. Wanawake wengi nchini huanza kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo, katika sehemu kubwa ya wiki za hatari zaidi, kadi ya kliniki haipo bado, na mwenye habari ni mama peke yake. Tena jibu lake hutegemea nani anasikia: binti aliyesindikizwa na mama yake, au mke aliyekaa benchi moja na mama mkwe, anaweza kukana mimba aliyonayo. Swali lifaalo ni lile linaloulizwa faraghani, likiambatana na tarehe ya hedhi ya mwisho.

Jibu la ndiyo nalo lisiwe mlango wa kumfukuza mgonjwa. Mjamzito mwenye dalili za kifua kikuu akinyimwa picha ya kifua, ugonjwa unaweza kumdhuru yeye na mtoto kuliko mionzi hiyo. Picha ya tumbo inaweza kuahirishwa au nafasi yake kuchukuliwa na ultrasaundi, isiyotumia mionzi. Ya kifua, ikihitajika, ipigwe. Stewart alifikia ugunduzi wake kwa kuwauliza akina mama na kuyaamini majibu yao. Kinga ya mtoto wa Mabogini ingali inategemea utaratibu huohuo.