Jezi Iliyovaliwa na Mtu Aliyeivaa

Wadau, hapa kambini jezi ndiyo nguo ya kila siku. Mzigo wa mitumba ukifunguliwa sokoni vijana wanaanza na jezi, mashati baadaye. Pita siku ya mgao uone foleni: Messi watano, Drogba wawili, na bibi mmoja ndani ya Bayern Munich. Zote hizo ni jezi za duka, zilitengenezwa kwa maelfu ili mashabiki wanunue. Leo tunaandika kuhusu jezi ya aina nyingine, ile aliyoivaa mchezaji mwenyewe kwenye mechi yenyewe, ikanywa jasho lake. Kuna watu duniani wanazikusanya hizo, na wanalipa pesa ambayo ukiisikia unadhani ni uongo.

Mfano unaojulikana zaidi ni jezi ya buluu ya Maradona, ile ya tarehe 22 Juni 1986, Argentina na Uingereza, uwanja wa Azteca, Mexico. Goli moja kwa mkono, lingine baada ya kuwakokota Waingereza karibu nusu uwanja. Mechi ilipoisha kiungo wa Uingereza, Steve Hodge, alibadilishana naye jezi. Akaitunza, halafu akaiazimisha makumbusho ya soka ya Uingereza kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2022 ikauzwa kwenye mnada London kwa zaidi ya pauni milioni 7.

Sasa cheki jezi yenyewe ilivyokuwa. Jezi za ugenini za Argentina zilikuwa nzito kwa joto la Mexico, basi siku chache kabla ya mechi mtu wa timu alitumwa madukani mjini kutafuta nyepesi. Nembo zikashonwa harakaharaka. Namba za mgongoni zilikuwa za kung'aa, za mtindo wa ule mpira wa Wamarekani wa kugongana. Yaani ilikuwa nguo ya dukani kama hizi zetu. Bei ilikuja baadaye, kutoka kwa aliyeivaa na alichofanya akiwa ameivaa.

Na hapo ndipo kazi yote ya wakusanyaji ilipo: kuthibitisha. Maana mtu yeyote anaweza kuchukua jezi ya zamani, akaipaka matope, akasema ni ya Pelé. Kwa hiyo wanachukua picha za mechi, wanakuza, wanalinganisha. Nembo imekaa juu ya mstari gani? Mshono wa namba umepinda wapi? Kitambaa kimetoboka au kimeshonwa upya upande gani? Jezi mbili za timu moja, zilizoshonwa siku moja kwa mikono, hazifanani kabisa, kwa hiyo mshono unakuwa kama alama ya kidole. Kabla ya mnada wa 2022 familia ya Maradona ilidai kwamba hiyo ni jezi ya kipindi cha kwanza, siyo ile ya magoli. Wauzaji walijibu kwa kulinganisha hivyo hivyo, picha na kitambaa.

Kitu cha pili wanachokiangalia ni njia. Jezi ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani? Ile ya Pelé ya fainali ya 1970 ilipouzwa London mwaka 2002 kwa zaidi ya pauni 157,000, njia yake ilikuwa fupi: ilitoka kwa Roberto Rosato, beki wa Italia aliyebadilishana naye siku ile. Mkono mmoja tu. Jezi iliyopita mikono kumi bila maelezo ni kitambaa tu, hata kama kweli ni yenyewe. Sisi ambao tumesimama mbele ya meza tukaulizwa karatasi hilo tunalielewa haraka kuliko wengine.

Sasa tuje nyumbani, maana wengi wetu humu asili yetu ni Kongo. Mwaka 1974 Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi. Jezi ya kijani, kifuani duara kubwa lenye kichwa cha chui. Mpaka leo wapenzi wa jezi wanaihesabu kati ya zile nzuri zaidi, na nakala zake zinatengenezwa na kuuzwa Ulaya. Matokeo yanajulikana: Scotland 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazil 3-0. Dunia inakumbuka kichekesho tu, yule Mwepu Ilunga aliyetoka ukutani akabutua faulo ya Wabrazil kabla hawajaipiga. Kwamba wachezaji walisema baadaye hawakupewa pesa waliyoahidiwa, hilo halichekeshi, basi halirudiwi.

Ndani ya jezi ile alikuwemo Ndaye Mulamba, straika wa Vita Club. Miezi mitatu kabla, huko Misri, alifunga magoli 9 kwenye Kombe la Afrika moja. Rekodi hiyo haijavunjwa. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0, na magoli yote manne ni yake. Kule Ujerumani, mechi na Yugoslavia, alipewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake: Mwepu ndiye aliyempiga refa teke, refa akamtoa Ndaye. Hakutazama picha wala mshono.

Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kuheshimiwa. Aliporudi alivamiwa na watu wenye silaha walioamini mchezaji mkubwa lazima ana kitu cha thamani, wakampiga risasi mguuni. Vita ilipokuja akamkosa mtoto wake mkubwa, akakimbilia Afrika Kusini. Alikuwa mkimbizi, kama sisi. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumwombolezea, kwa habari kwamba amefariki. Alikuwa hai, Cape Town. Alikufa kweli Januari 2019.

Tunafikiria hili kila tukiona picha ya jezi ile kwenye simu. Kitambaa cha chui kina watu wa kukilinganisha mshono kwa mshono, na mwenye kifua chenyewe alitangazwa marehemu bila mtu kwenda kuuliza.

Jezi za ligi yetu ya kambi tumeanza kuziandika kwa ndani, kwenye pindo la chini, kwa kalamu ya wino usiotoka: tarehe, mechi, namba, jina la aliyevaa. Za fainali iliyopita tumemaliza kumi na moja. Kipa wa akiba bado hajaleta yake, anasema ameifua na iko kwenye kamba.