Kiini na Nyongeza

Kiunzi cha Django, kitumiwacho kuundia tovuti, kilizaliwa katika gazeti la mjini Lawrence, Kansas, kikatolewa kwa umma mwaka 2005. Kiliweza kuunda majedwali ya hifadhidata, lakini si kuyageuza yakiisha kujaa kumbukumbu. Mwaka 2008 Andrew Godwin alitoa nyongeza iitwayo South ili kuliziba pengo hilo. Watu wengi waliipokea; hata hivyo kazi hiyo haikuingia katika kiini ila mwaka 2014, tena baada ya kuandikwa upya. Ikiwa nje, ilibidi ikisie jinsi safu za majedwali zilivyoundwa. Ndani, kila safu hujieleza yenyewe.

Baadaye Godwin huyo huyo alileta Channels, ishughulikiayo mawasiliano yadumuyo wazi baina ya tovuti na mtumiaji. Hiyo iliachwa nje, nayo ingali hai huko.

Kipimo, basi, si manufaa peke yake. Kiingiacho katika kiini hubebwa na watunzaji miaka mingi, na kasoro yake huweza kuwafikia hata wasiokihitaji. Kistahilicho kukaribishwa ndani ni kile ambacho, kikibaki nje, hakiwezi kuitimiza kazi yake sawasawa.