Zana ya video na dhana ya mhadhara

KATIKATI ya mwaka 2020, vyuo vikuu vikiwa vimefungwa kwa sababu ya korona, nilimwomba mwanafunzi wangu wa fonetiki atamke maneno mawili: 'dhana' na 'zana'. Yeye alikuwa kwao kijijini, mimi sebuleni kwangu na kipakatalishi. Akatamka. Nikasikia neno moja mara mbili. Nikamsahihisha, akarudia, nikamsahihisha tena. Hatimaye akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi nimeyatofautisha. Labda ni netiweki."

Hadi leo sijui kosa lilikuwa la ulimi au la mtandao. Je, mwalimu wa matamshi asiyejua hilo anafunza nini hasa?

Wapo wanaodhani kwamba mihadhara ya mbali ililetwa na korona. La hasha! Mwishoni mwa miaka ya 1960, kituo cha chuo kikuu kilichoko Kikuyu kilikuwa tayari kikifunza watu, wengi wao walimu, kwa posta na redio. Nchini Uingereza, Open University ilianza kupeperusha vipindi vyake kupitia runinga ya BBC mnamo Januari 1971. Kisha mwaka 1997, Benki ya Dunia ikaanzisha African Virtual University, ambayo baadaye iliweka makao yake makuu Nairobi. Mihadhara ilitoka ng'ambo kwa setilaiti hadi vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa mojawapo.

Mtindo wa setilaiti una funzo. Mhadhiri alionekana na kusikika, lakini yeye hakuwaona wanafunzi wake. Aliyetaka kuuliza swali alitumia simu, faksi au baruapepe. Ndiyo kusema elimu ilisafiri upande mmoja.

Nyaya za mawasiliano zilizopitishwa chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya kasi ilianza kupatikana, na kwa kadiri miaka ilivyosonga, mazungumzo ya video ya pande mbili yakawa jambo la kawaida. Ahadi ilikuwa kwamba sasa mwanafunzi naye ataonekana na kusikika.

Sikatai, faida zipo, tena si haba. Mtahini wa nje aliye Dar es Salaam sasa huketi katika utetezi wa tasnifu Nairobi bila tikiti ya ndege wala hoteli. Mwanafunzi wa uzamili anayefunza shule ya upili Lodwar hahitaji kuacha kazi ili ahudhurie semina. Mhadhara ukirekodiwa, aliyepitwa na jambo hulirejelea usiku akiwa ametulia.

Hata hivyo, turudi kwenye darasa langu la 2020. Nilikuwa nikitazama miraba myeusi yenye majina. Kamera zilikuwa zimezimwa kwa kuwa video hula bando, na bando ni pesa. Wengine walipotea ghafla stima ilipokatika. Nikiuliza, "Tuko pamoja?" nilijibiwa na kimya. Ukumbini, kimya hicho ningekielewa kwa kutazama nyuso: huyu amechoka, yule hajaelewa, wale wawili wa nyuma wanacheka. Mtandaoni, kimya ni kimya tu. Kwa kifupi, licha ya teknolojia yote hiyo, tulikuwa tumerejea kwenye ile setilaiti ya 1997: sauti ya mwalimu inafika, ya mwanafunzi haifiki.

Kwa hivyo, ninapowasikia wasimamizi wa vyuo wakisifia video kwa kuwa inapunguza gharama, mimi huuliza: gharama ya nani? Umeme na viti ambavyo chuo kimeokoa vimegeuka kuwa bando analonunua mzazi.

Pendekezo langu ni jepesi. Video itumike panapokuwa na watu wachache wenye la kusema na uwezo wa kusikika: semina za uzamili, utetezi wa tasnifu, mihadhara ya wageni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kila somo linalotegemea sikio na mdomo, wapewe mwalimu ana kwa ana.

Yule mwanafunzi nilikutana naye vyuo vilipofunguliwa. Nilimwomba atamke tena. 'Dhana' yake ilikuwa safi kabisa. Nikamwomba radhi.